Mpwa Wangu Anataka Kusoma Mwendo

Gatini Nyamisati boti husubiri maji, na abiria husubiri boti. Ndiyo maana mazungumzo mengi mazito ya ukoo wetu yamefanyika pale, juu ya viroba vya unga na madumu ya petroli, kwa kuwa hakuna pa kwenda mpaka maji yajae. Mwezi uliopita nilikaa hapo na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyemaliza kidato cha sita mwaka huu kwa mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia. Alikuwa amekuja kunipokea. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani alinyamaza kitambo, akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akanionyesha ukurasa wa chuo kikuu kimoja cha Kanada.

"Mjomba, nataka kusoma hii."

Shahada yenyewe iliitwa kinesiolojia. Nilijua neno hilo kwa mbali, kama mtu ajuavyo jina la kijiji ambacho hajawahi kufika. Nilimuuliza kwa nini, nikitarajia jibu la mpira wa miguu. Akanijibu, "Kwa sababu ya goti la babu."

Babu yake ni baba yangu. Mwaka 1998 alianguka kutoka juu ya mnazi akavunjika mguu, akapelekwa kwenye hospitali ambayo sina haja ya kuitaja, akafungwa hogo, akaambiwa arudi baada ya wiki kadhaa. Alirudi, hogo likakatwa, mfupa ulikuwa umeunga vizuri. Daktari alifanya kazi yake na wauguzi walifanya yao. Ila hakuna aliyemwambia kwamba goti lililofungwa muda mrefu halina budi kufundishwa upya kukunja, kila siku, kwa maumivu, kwa miezi. Yeye aliona kuliacha litulie ndiyo busara. Goti halikukunja tena. Tangu hapo hakusimama kwenye mtumbwi kupiga upondo, maana upondo hutaka magoti mawili yenye kulegea. Na tangu hapo anasali ameketi kwenye kiti, wenzake wote wakiwa kwenye sijida. Jambo hili la pili ndilo linalomuuma zaidi, ingawa hulisema kwa mzaha.

Kwa hiyo kijana hakuwa akifuata ndoto ya simuni. Alikuwa na swali, na amekuwa nalo tangu utotoni. Nami niliona haya, kwa sababu sikuwa na jibu la kumpa pale pale.

Nimeshatafuta, na haya ndiyo niliyoyapata. Kinesiolojia ni elimu ya mwendo wa mwili. Jina latokana na neno la Kigiriki kinesis, yaani mwendo. Mwanafunzi hujifunza mifupa na misuli, neva, mekanika ya viungo, jinsi moyo na mapafu yanavyoitikia mazoezi, na jinsi ubongo unavyojifunza tendo na kulisahau. Asili yake ni masomo ya elimu ya viungo. Mwaka 1964 Franklin Henry, mwalimu wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, aliandika makala akitetea kwamba elimu ya viungo ni taaluma kamili, si kazi ya kupuliza filimbi uwanjani. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, kilianzisha idara yenye jina hilo la kinesiolojia, na baadaye vyuo vingi vya Amerika Kaskazini vikabadili majina ya idara zao kufuata mkondo huo.

Lakini jina la shahada ni kitu kimoja na ruhusa ya kumgusa mgonjwa ni kitu kingine. Katika jimbo la Ontario mtaalamu wa kinesiolojia ana baraza lake la kisheria lililoanza kazi mwaka 2013. Nchini Marekani shahada hiyo peke yake haimpi mtu leseni ya kutibu. Wanafunzi wengi huichukua kama ngazi ya kwanza, kisha hupanda hadi shule ya fiziotherapia, udaktari au ualimu. Mpango wa kijana wa delta huanza kuvuja hapo. Ngazi yenye mapengo haimdhuru sana mwenye baba wa kulipia ngazi ya pili. Yeye wa Salale atarudi na karatasi moja.

Na karatasi hiyo ataipeleka wapi? Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inaweza kuitathmini na kuitambua. Hata hivyo kutambuliwa si kuajiriwa. Tangazo la ajira serikalini hutaja kada kwa jina, kufuatana na muundo wa utumishi, na afisa utumishi hana pa kumwandika mtu ambaye jina la taaluma yake halimo. Simlaumu afisa, hiyo ndiyo kazi yake.

Nayasema haya kwa uchungu kwa kuwa niliwahi kukosea. Miaka kumi hivi iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alinijia na barua ya udhamini nusu, kwenda nje kusoma sayansi ya michezo. Nilimwambia asome anachokipenda, kazi itajileta. Alikwenda, akasoma vizuri, akarudi. Kwa miaka mitatu alizunguka na bahasha yake. Sasa anafundisha Baiolojia kwa mkataba kwenye shule binafsi, na kila tukutanapo hunisalimu kwa heshima ile ile, jambo ambalo ni zito kwangu kuliko kama angenitukana. Nilimpa methali wakati alipohitaji habari.

Basi pale gatini nilimwomba mpwa wangu karatasi, tukaandika kilichopo nyumbani. Moshi, KCMC, kuna shahada ya fiziotherapia kwenye chuo kikuu chake cha tiba. Na hapo hapo kuna TATCOT, kituo kilichoanzishwa mwaka 1981 kufundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, ambacho kimepokea wanafunzi wa nchi nyingi za Afrika. Muhimbili nako hufundisha fiziotherapia, na pia tiba kazi, fani inayomrudishia mgonjwa uwezo wa kuvaa, kula na kufanya shughuli zake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo, ambayo wahitimu wake wengi huelekea ualimu. Kwimba, mkoani Mwanza, kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachotumia neno alilolipenda. Lakini ukiyatandaza masomo yao pamoja, sehemu kubwa ya neno hilo imo, ila imekatwa vipande na kugawiwa wizara mbalimbali: huku afya, huku elimu, huku michezo.

Aliitazama orodha, akaniuliza swali ambalo wengi wenu mnaosoma hapa mngeuliza: mbona ile ya michezo tusiitie mkazo? Timu zinakua, AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda, na Septemba 2025 Alphonce Simbu alishinda maratoni ya dunia kule Tokyo. Ni kweli. Mkoa wetu wa Pwani wenyewe una historia hapa, maana Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974, ndiye aliyejenga shule zenye jina lake kule Kibaha. Nilimwambia ahesabu. Timu kubwa zenye uwezo wa kumlipa mtaalamu wa mazoezi mshahara wa kudumu ni ngapi? Na hizo chache huajiri nani? Mara nyingi kocha mgeni huja na wasaidizi wake. Mwanariadha mmoja akishinda dunia hatengenezi ajira kumi za wanasayansi wa mwendo, ingawa angepaswa. Nikakiri pia kwamba mitaala iliyoanza mwaka 2024 imefungua mlango wa michezo kwenye elimu ya amali, na kwamba walimu watahitajika. Sikutaka kumfungia njia hiyo. Nilitaka aione ilivyo.

Kisha tukageuka kuutazama mto, na hapo yeye ndiye aliyenifundisha mimi.

Nilidhani tatizo la delta ni kukosa wataalamu. Akasema hapana, tatizo ni marudio. Mgonjwa wa malaria huenda zahanati mara moja, akapewa dawa, akapona. Mtu aliyepata kiharusi, au aliyevunjika nyonga, au anayejifunza mguu wa bandia, hutakiwa kurudi mara kumi, mara ishirini. Kwetu kila kurudi ni nauli ya boti, ni siku nzima ya kazi iliyopotea, na ni hesabu ya maji: wakati wa bamvua unapita mkono huu wa mto, wakati wa maji mafu umekwama matopeni kati ya mikoko. Akihudhuria mara mbili, ya tatu hana nauli. Mtaalamu hata akiwepo makao makuu ya wilaya, ujuzi wake haufiki mwisho wa tiba.

Nikaanza kuwahesabu kichwani watu niwajuao. Wakata boriti wenye migongo iliyopinda. Wanawake wanaoinama kwenye mpunga tangu alfajiri, ambao maumivu ya kiuno wameyapokea kama sehemu ya utu uzima. Vijana wa bodaboda walioanguka barabara ya Kilwa. Wenye matende, ugonjwa tulioishi nao pwani vizazi na vizazi, ambao hutulizwa kwa kuosha mguu kwa uangalifu, kuuinua na kuufanyisha mazoezi mepesi kila siku. Hakuna hata mmoja kati yao anayehitaji mashine ghali. Wanahitaji mtu wa kuwaonyesha, wa kuwafundisha walio nyumbani kuwasaidia, na wa kupita tena baada ya wiki mbili kuona kama wanakosea. Katika zahanati za delta nilizowahi kuingia sijamkuta mtu huyo hata mara moja. Wasomaji wangu mlioko kwenye halmashauri, mnapoandaa ikama ya mwaka ujao, hebu tazameni kama jina lake limo mahali popote chini ya ngazi ya hospitali.

Kijana huyu alikuwa shule ya msingi mwaka 2017, siku zile za mauaji, bodaboda zilipopigwa marufuku usiku wilayani kwetu na watu wakajifungia mapema. Mwaka 2024 mafuriko yakachukua mpunga wa mama yake karibu wote. Nayataja kwa sababu ya fedha tu: shamba lililotakiwa kumsomesha lilikuwa chini ya maji, na akiba iliyobaki ni mashine ya boti na minazi michache. Bila mkopo wa Bodi ya Mikopo hakuna Moshi wala Muhimbili, sembuse Kanada.

Jioni tulikaa kikao nyumbani. Dada yangu alitaka jambo moja tu, kujua kama mwanawe atakuwa daktari.

"Daktari wa nini?" akauliza.

"Wa magoti, mama. Na migongo. Na waliopooza."

"Ataandika dawa?"

"Hapana."

Dada akanitazama kana kwamba nimemwibia kitu. Nilimweleza juu ya leseni, mwaka wa utarajali, na kada ambayo jina lake limo kwenye matangazo. Nilimweleza pia kwamba leseni haiahidi ajira, kwamba wapo wahitimu wa fani hiyo hiyo wanaosubiri nyumbani hata sasa, na kwamba huenda akapangiwa Kigoma badala ya Kibiti. Kwamba shahada ya kwanza ikishakaa mkononi, ile ya mwendo anayoiota anaweza kuiomba kama shahada ya pili, akiwa na kazi ya kurudia. Hakufurahi. Alisema tu kwamba mashine ya boti haiuzwi mpaka majibu ya mkopo yatoke, na hilo lilikuwa neno la haki.

Baba alisikiliza yote kimya kwenye kiti chake. Mwishoni mjukuu alipiga magoti mbele yake, akaushika mguu ule, mkono mmoja kisiginoni na mwingine juu ya goti, akaanza kuukunja taratibu huku akihesabu. Ulikwenda upana wa vidole viwili, ukagoma.

"Mguu huu umenyooka tangu mama yako hajakuzaa," baba akamwambia. "Huuwezi."

"Najua, babu. Nataka kuona unapogomea."

Akaanza kuhesabu tena. Dirisha la kwanza la maombi linafungwa baada ya wiki mbili. Ameandika Moshi kwanza, Muhimbili ya pili, Dar es Salaam ya tatu, na ule ukurasa wa Kanada bado upo simuni mwake, hajaufuta.