Viatu vya Safari

Ewe msomaji, ukijaliwa kuzuru nchi ya kigeni, usinunue viatu siku ya kuamkia safari. Mimi nalifanya hivyo. Nalitoka Wote, Makueni, kwenda Unguja kuutazama Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mama alinishauri nivae akala zangu, zilizokatwa katika mpira wa gurudumu, ambazo nalizizoea hata kulipanda jabali la Nzambani kule Kitui. Naliona haya. Mwalimu avae akala ugenini! Nikavaa viatu vipya vya ngozi, vyembamba, vyenye kung'aa.

Vichochoro vingi vya mji ule havipitiki kwa gari. Mguu ndio chombo. Kabla ya adhuhuri visigino vilijaa malengelenge. Wenzangu walipokwenda kuiona Ngome Kongwe, mimi nalikaa barazani. Joto na mwendo huvimbisha mguu. Basi kijaribu kiatu jioni, pamoja na soksi za safari, kisha kitembelee nyumbani majuma mawili. Tena kiwe chepesi kuvuliwa, maana misikitini na majumbani huingiwi na viatu.

Nikiwa pale barazani alipita hamali na mkokoteni wake, miguuni akala kama zangu. Alinisalimu, akaenda zake.