Presha imeshuka, sauti imekwenda

Wadau, leo siasa tuiweke pembeni. Nina habari ya shangazi yangu, mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar, na mwimbaji wa sauti ya pili kwaya ya kanisani kwao. Mwaka jana alianzishiwa vidonge vya presha, enalapril. Presha ikatulia vizuri tu. Wiki chache baadaye kikaja kikohozi kikavu cha kuwasha koo, usiku kucha, mpaka sauti ikabaki mikwaruzo. Darasa la watoto 70 bila sauti, hebu fikiria. Kwaya akaacha kwenda.

Kilichofuata mnakijua. Dawa ya kikohozi ya maji, antibiotiki, kupimwa makohozi. TB hana. Mtaani minong'ono ikaanza, maana mtu akikohoa miezi mitatu kwetu hakosi kupewa ugonjwa. Ndipo daktari mmoja kijana akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza: "Mwalimu, nyumbani unameza dawa gani?"

Kumbe jambo lenyewe linajulikana miaka mingi! Dawa za kundi hilo (captopril, lisinopril na wenzake) huzuia kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza kemikali ya kubana mishipa ya damu. Tatizo, kimeng'enya hichohicho huvunja kemikali nyingine, bradikinini. Kikizuiwa, hiyo hurundikana kwenye njia ya hewa na kuichokoza. Karibu mtu 1 kati ya 10 hukohoa, wanawake zaidi. Hapo dawa ya kikohozi haifui dafu. (Kwa wapenda vioja: captopril, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1981, ilitokana na utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazili.)

Dawa si mbaya, imeokoa wengi, na kuiacha kienyeji ni kukaribisha kiharusi. Daktari alimbadilishia tu, akampa losartan. Wiki ya tatu kikohozi kikakata. Sauti ilichelewa kidogo.

Kinachoniudhi ni kile kibahasha. Shangazi alipewa vidonge vilivyokatwa kwenye pakiti, juu imeandikwa 1x1, basi. Karatasi ya maelezo ilibaki dukani na boksi lake, na hata angepewa, ni Kiingereza cha herufi za sisimizi.

Siku hizi majina ya dawa zake kayaandika nyuma ya daftari la maandalio ya masomo. Akienda hospitali, analibeba.