Keja yangu ina matairi, na ilivuja

Leo sina klipu. Leo nataka tuongee tu.

Wengi wenu mlinijua kupitia ile video ya rafu. Nafungua mlango wa HiAce, taa ndogo za betri zinawaka, godoro limetandikwa, makreti ya mkate yamepangwa ukutani kama kabati, sufuria zinaning'inia, chini kuna mkeka wa miyaa. Kamenti zikamiminika. "Natamani maisha yako." "Huyu amehepa kodi." "Hakuna landilodi, hakuna stresi." Mpaka leo kuna watu wananiuliza: buda, hiyo kitu ilikugharimu pesa ngapi?

Sijawahi kujibu. Leo najibu, pamoja na kile ambacho sikukiweka kwenye video.

Niliacha chuo mwaka wa pili, 2023. Si kwa sababu nilikuwa nafuata ndoto, kama nilivyowahi kudanganya kwenye laivu moja. Karo ilinishinda. Deni likapanda, nikakosa mtihani, mwezi wa tisa nikapewa barua. Nikarudi Garsen na begi moja na ile barua ndani ya bahasha ya kaki. Nikakaa kwa rafiki. Mama yuko kijijini upande wa Ngao, analima mpunga na mahindi. Sikumwambia nimerudi. Nikipiga simu nilikuwa "niko darasani", baadaye nikawa "niko atachimenti". Mambo ya semista hayajui sana, na mimi nilitumia hiyo nafasi.

Desemba mjomba akanionea huruma. Alikuwa na HiAce ya abiria 14 iliyostaafu kazi ya Malindi. Bodi imechoka, injini bado nzima. Tukakubaliana: nalala ndani, nailinda, naiwasha kila wiki, na nikipata mzigo wa kupeleka Minjila au Witu tunagawana. Viti tukang'oa. Hivyo ndivyo nilivyopata keja.

Zile rafu zenyewe ziko fiti, na ukitaka kuiga, iga. Kreti ya mkate ni nyepesi, hewa inapita, haishiki ukungu kama plaiwudi. Usiikaze kwa skrubu kila pembe. Ifunge kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Tyubu inavutika, kwa hivyo gari likiruka tuta kreti inacheza kidogo badala ya kung'oka. Vipande vyembamba vya tyubu hiyo hiyo vipitishe mbele ya kila kreti, vitu visimwagike. Na vizito viweke chini. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20. Ukiuweka juu, kwenye kona gari linayumba kama limelewa.

Ambacho kamera haikuona ni paa. HiAce ilikuwa na keria juu. Niliing'oa nikaiuza chuma chakavu, ikaacha matundu manane ya bolti. Nikayabandika selotepu pana ya kahawia, nikajiambia nitaziba vizuri wikendi. Ilikuwa Februari 2024. Mafuriko ya Novemba yalikuwa yamepita, jua linawaka mpaka ukigusa bati unaruka. Nani anawaza mvua? Na juu ya paa hakuna laiki. Wikendi ilifika nikapiga video ya rafu.

Mwisho wa Aprili maji yakarudi. Sisi watu wa delta tunajua hii hesabu tangu utotoni. Mvua inanyesha huko Mlima Kenya na Aberdare, bwawa la Masinga linajaa, linamwaga, na siku kadhaa baadaye maji yanabisha hodi kwetu hata kama kwetu hakujadondoka tone. Mwaka huo Masinga lilijaa, na kwetu mvua pia ikanyesha.

Mama akanipigia alfajiri. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo ilinitisha. "Maji yameshaingia shambani, sasa yako uani. Mjomba wako anasema uko Garsen na gari yake. Njoo."

Hakuuliza kwa nini niko Garsen.

Gari liliwaka mara ya kwanza. Hapa niacheni nijisifu kidogo, maana hii kazi niliifanya. Kila Jumamosi nililiwasha, nikaliendesha kidogo breki zisigande kwa kutu, nikatazama oili na maji ya rejeta, nikasafisha ule unga mweupe kwenye vichwa vya betri. Kazi ya kuchosha macho, sikuwahi hata kuirekodi. Asubuhi ile ndiyo ilitubeba.

Nilienda hadi mahali maji yaliponiruhusu. Wao wakaja kwa mtumbwi: mama, dada yangu mdogo ambaye alikuwa gredi ya sita, kuku watano, gunia la mahindi, na mfuko wa nailoni wenye karatasi zote za nyumbani. Tukapanda hadi sehemu iliyoinuka upande wa Minjila, ambako watu wengine walikuwa wameshaanza kufunga maturubai.

Mama aliingia akatazama huku na huku. Nikawasha zile taa. Akatabasamu. "Kumbe umepapamba." Halafu akatafuta mahali pa kuweka ule mfuko. Akachagua kreti ya juu kabisa, karibu na dari. "Maji hutoka chini, mwanangu. Karatasi ziwe juu." Kreti hiyo ndiyo iliyokuwa na bahasha yangu ya kaki. Sikusema kitu. Ningesema nini?

Mvua ilianza usiku. Selotepu iliyokaangwa na jua miezi mitatu haishiki chochote. Mimi nilikuwa nimejikunja kwenye kiti cha dereva, wao wako kwenye godoro. Nilisikia tu tap, tap, nikadhani ni nje. Kulipopambazuka kreti ya juu ilikuwa beseni.

Nilipoamka vizuri mama alikuwa ameshaanza kazi. Alikuwa anatoa karatasi moja moja, anazitandaza kwenye dashibodi palipokuwa na jua, anazilaza chini ya ndala zisipeperuke. Cheti cha kuzaliwa cha dada, wino umekimbia. Kadi zake za kliniki. Karatasi za shamba. Na barua yenye nembo ya chuo. Hiyo aliilaza kama zile nyingine, akaisoma huku inakauka.

"Hii ni ya lini?"

"Mwaka jana, mama."

"Mwezi gani?"

"Wa tisa."

Akahesabu kwa vidole. Dada akashuka garini bila kuambiwa. Halafu mama akasema, "Mwezi wa pili niliuza mbuzi, nikakutumia pesa ya chakula cha chuo."

Ni kweli. Alituma. Na mimi nilinunua taa, rangi, skrubu na kile kipande cha plaiwudi cha kitanda. Kwa hivyo nyinyi mnaouliza ile keja ilinigharimu pesa ngapi, jibu ndilo hilo. Mbuzi mmoja wa mama yangu, aliyedhani ananunua ugali.

Nilikuwa nasubiri ile methali ya ufa na ukuta. Hata kofi ningelikubali. Mama akatazama dari, mahali maji yalipokuwa bado yanadondoka. "Ingekuwa tone moja ungeniambia, ningeweka sufuria," akasema. "Haya, panda juu uzibe."

Basi nikapanda. Nikabandua selotepu, nikakuta kila tundu limeshazungukwa na duara la kutu. Kwa muda tulifunika na turubai la jirani. Maji yalipopungua, fundi mmoja Garsen akanionyesha kazi inavyofanywa, nami nawapa nyinyi bure.

Kwanza piga msasa mpaka uone chuma kinang'aa. Ukiziba juu ya kutu, kutu inaendelea kula chini kwa chini na wewe umelala. Halafu paka rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke kabisa. Kisha bolti fupi yenye washa ya mpira, tena unaweza kuikata kwenye tyubu ile ile, halafu silikoni kuzunguka. Hapa wengi tunakosea. Silikoni ya bei rahisi yenye harufu ya siki ina asidi inayosumbua bati. Muulize mwenye duka ile isiyo na hiyo harufu. Mwisho mwaga ndoo ya maji juu, mtu mwingine akae ndani na tochi. Usisubiri mvua ikukagulie.

Nilipong'oa kapeti ya zamani ya matatu nikakuta sakafu nayo imeanza kuoza. Unyevu ulikuwa umekaa chini yake kimya, labda tangu enzi za abiria. Sasa sina kapeti. Nina mkeka, na mkeka unatoka nje kila asubuhi.

Lakini somo la kupanga vitu sikulipata kwa fundi. Pale Minjila jirani yetu alikuwa bibi mmoja Muorma. Unajua watu wanaongea kuhusu nyumba zinazohama kama kitu kilichotoka ng'ambo. Hashitagi ya #vanlife inatajwa na Foster Huntington, Mmarekani aliyeacha kazi yake New York mwaka 2011 akahamia ndani ya gari. Sina ubaya naye. Ila hapa Tana River wanawake wa Kiorma wamekuwa wakijenga nyumba za fito zilizopindwa na mikeka, nyumba unayoweza kuifungua, ukaifunga mizigo, ukahama nayo, tangu kabla gari halijafika huku.

Bibi alikuja kutusalimia, akachungulia ndani, akaniuliza, "Usiku maji yakija, unachukua nini kwanza?" Nikaanza kutafuta kwa macho. Akacheka. "Ukifikiria, umechelewa."

Kwake kila kitu kilikuwa na nafasi kulingana na utakavyokihitaji ukifika: cha kwanza kushuka ndicho cha mwisho kupakiwa. Mimi nilikuwa nimepanga kwa rangi. Sufuria za bluu pamoja, vikombe vya njano pamoja, kwa sababu kwenye kamera zinavutia. Siku hiyo nikapangua kila kitu. Karatasi zinakaa kwenye ndoo yenye kifuniko kinachokaza, kando ya mlango. Maji ya kunywa, tochi na dawa ziko mahali naweza kufikia gizani bila kuwasha taa.

Na ratiba yangu ya Jumamosi sasa ni hii, kwa wale wanaotaka kuishi hivi kweli:

Toa kila kitu nje, hata unachodhani ni kisafi. Fagia kutoka mbele kwenda mlangoni, vumbi la hapa linaingia hata kwenye chumvi.

Panguza dari na pembe kwa siki iliyochanganywa na maji. Watu wakilala ndani ya bati, pumzi yao inageuka maji ukutani, na hapo ndipo ukungu unapozaliwa. Usiku acha madirisha mawili wazi kidogo, yafunike kwa neti. Mbu wa delta si mchezo.

Paka maji ya sabuni kwenye mpira na kichwa cha mtungi wa gesi. Ukiona povu linachemka, gesi inavuja, usiwashe. Pikia nje. Na jiko la makaa usiliingize ndani ya gari usiku hata kama kuna baridi ya namna gani. Ile hewa yake haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.

Tazama raba za milango. Halafu panda juu, utazame paa. Kila Jumamosi. Hata kaskazi.

Sisemi msiishi kwenye gari. Mimi bado niko humu, na napapenda. Ninachosema ni kwamba mtu akikuonyesha keja ya magurudumu, iwe mimi au msee wa California, muulize akuonyeshe paa na sakafu. Rafu mtu yeyote anaweza kupanga kwa mchana mmoja. Kazi ni zile Jumamosi zote baada ya hapo, na hizo hazina muziki nyuma yake.

Mama alirudi shambani maji yalipokauka. Cheti cha dada tuliomba kingine. Mbuzi nilimlipa mwaka uliofuata, kwa mizigo ya Witu, kidogo kidogo. Alimpokea, akamfunga kwenye mti, akaniambia asante kama anavyomwambia mtu wa kawaida. Kuhusu chuo bado hatujamaliza kuongea. Ila sasa akinipigia simu akaniuliza niko wapi, namwambia nilipo.

Zile taa ziliungua na yale maji. Sijanunua nyingine.