Faida ya Nane

Nilipoandika kwamba kumeza kondo la nyuma huifanya ngozi ya mama ing'ae, nilikuwa nimekaa kitandani Roysambu, tokeni za stima zikikaribia kuisha, na sikuwa nimewahi kuliona kondo la mtu kwa macho yangu. Hiyo ilikuwa faida ya nane. Mteja alitaka faida kumi, na makala matatu niliyokuwa nimeyafungua kwenye simu ili niyachanganye nipate yangu yalikuwa na saba tu.

Ilikuwa 2021. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka mmoja kabla, mwaka wa tatu, kwa sababu ileile ya wengi, na sitaki kuifanya hadithi. Kazi niliyopata ilikuwa kuandika kwa akaunti ya jamaa fulani wa Juja. Yeye alikuwa na wateja wa ng'ambo, sisi tulikuwa na vidole. Bob 50 kwa kila maneno mia. Maneno 1,200, bob 600. Mteja huyu alikuwa Marekani na aliuza huduma: ukishajifungua wanakuja kuchukua kondo lako likiwa kwenye barafu, wanalipika kwa mvuke, wanalikausha, wanalisaga liwe unga, wanaujaza kwenye kapsuli, kisha wanakuletea nyumbani kichupa chenye jina lako. Maagizo yalisema niitaje huduma mara kumi na mbili na niandike kama dada mkubwa anayeongea na mdogo wake. Kwetu mimi ndiye kitinda mimba. Kwa hivyo niliandika nikimwiga dadangu.

Faida ya kumi ndiyo niliyojivunia zaidi. Niliandika kwamba kwa karne nyingi wanawake wa Afrika wamekula kondo lao baada ya kujifungua, na kwamba hekima hiyo ya kale sasa inarudi. Mteja aliipenda sana, jamaa wa Juja akaniongezea mia. Jumla 700.

Ujinga wangu hapo hauna kisingizio, maana mimi ni mtoto wa Siaya. Kwetu kondo linaitwa biero na halionjwi na mtu. Linazikwa. Dani, nyanya yetu mzaa baba, alitukuza akituambia kwamba nyumbani kwako ni pale ilipozikwa biero yako, ya dadangu iko nyuma ya nyumba ya mama, na yangu hatua chache kutoka hapo. Majuzi nilisoma kwamba Wakikuyu wa zamani waliliweka kwenye shamba lisilolimwa na kulifunika kwa nafaka na nyasi. Waswahili wa Pwani nao, mtu akitaka kukwambia ni mwenyeji wa mahali, atakwambia kitovu chake kimezikwa hapo. Nilikulia katikati ya haya yote, halafu nikawauzia Wamarekani Afrika ambayo haikuwepo kwa bei ya kilo moja ya nyama.

Machi 2023, dadangu akanitumia linki kwenye WhatsApp. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Kuna mtu alikuwa ameiweka kwenye kundi lao la akina mama wa kliniki. "Wewe husoma sana," akaandika, "hii ni ukweli? Inasema inazuia ile kitu. Nikiwaomba hospitali, watanipa?"

Nikafungua. Juu kulikuwa na picha ya mwanamke mzungu mwenye meno mazuri na jina ambalo si langu. Nikateremka hadi faida ya nane. Ngozi inayong'aa. Nikazima simu, nikaenda kununua mkate ambao sikuuhitaji.

"Ile kitu" inahitaji maelezo. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa 2018, wakikaa Pipeline, ghorofa ya nne. Baada ya wiki mbili hivi dadangu aliacha kuongea. Alikuwa anakaa sakafuni ameegemea kitanda, mtoto analia, naye anamwangalia vile unavyoangalia simu ya mtu mwingine ikilia kwenye mat. Mama mkwe alisema ni uvivu. Mathe alisema tuombe. Mimi nilisema nitakuja wikendi, na wikendi nilikuwa na kati. Miaka miwili baadaye, tukimenya viazi, ndipo aliponiambia kwamba wakati ule alimpa jirani ufunguo wa mlango wa balkoni na kumwomba asimrudishie hata akiomba vipi. Aliendelea kumenya. Sikujua niseme nini, nikauliza kama chumvi ipo.

Kwa hivyo aliyeuliza kama ni ukweli hakuwa mtu wa kufuata fasheni. Angekula chochote. Aliniambia hivyo waziwazi: kama itanisaidia, nitaila na ugali.

Nilimjibu, "Acha niulizie." Kisha kwa mara ya kwanza nikasoma kuhusu kitu nilichokuwa nimekiandikia maneno 1,200.

Kwa wanyama ni jambo la kawaida. Mbuzi wa Dani alikuwa akilila kondo lake lote, na Dani alisema anaficha harufu fisi wasije. Mamalia wengi hufanya hivyo. Ngamia hali, na nyangumi hali. Binadamu naye, hata pale ambapo hakuna fisi wala jiko la gesi, amelifanyia kila kitu isipokuwa hicho. Daniel Benyshek na Sharon Young, wa chuo kikuu cha Nevada kule Las Vegas, walipitia maandishi kuhusu jamii 179 duniani na hawakupata hata moja ambayo mila yake ilikuwa mama kula kondo lake mwenyewe. Wachina walilitumia kama dawa kwa karne nyingi, lakini zaidi kuwatibu wagonjwa wengine. Mtindo wa mama kulila ulishika Marekani kuanzia miaka ya 1970, ukawa maarufu kabisa watu kama Kim Kardashian walipotangaza 2015 kwamba wanameza vidonge vyake. Hekima ya kale ina umri wa mathe.

Halafu kuna suala la kama inafanya kazi. Watafiti haohao wa Las Vegas waliwachukua wanawake 27, wengine wakapewa vidonge vya kondo, wengine vidonge bandia, bila kujua nani amepewa kipi. Matokeo yalitoka 2018: hakuna tofauti ya maana katika hali ya moyo, wala katika uchovu. Ni wanawake wachache, kweli, na mtu anaweza kusema wangekuwa elfu mbili tungeona kitu. Sawa. Lakini mimi niliandika "imethibitishwa". Na madini ya chuma? Vidonge vya siku nzima vina kama miligramu mbili. Zile tembe ambazo kliniki ya serikali inampa mama mjamzito bure, na ambazo nusu ya marafiki zangu huziacha kwenye droo kwa sababu zinawachafua tumbo, zina 60 kila moja.

Kilichoninyima usingizi ni kisa cha Oregon. Mtoto aliyezaliwa huko Septemba 2016 aliugua maambukizi ya bakteria kwenye damu, akatibiwa, akaruhusiwa kwenda nyumbani, na baada ya siku tano akarudi hospitali na ugonjwa uleule. Mama alikuwa anameza vidonge vya kondo lake kila siku. Vilipopimwa vikakutwa na bakteria ileile. Mtoto alipona. Taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilipoandika kuhusu kisa hicho 2017 ilishauri vidonge hivyo viepukwe, kwa kuwa kuvitengeneza hakuhakikishi kuua vijidudu. Taarifa hiyo ilikuwa na miaka minne nilipokuwa nikitunga faida ya nane. Ilikuwa bure, wazi, kurasa chache tu. Nilikuwa na bando.

Nikampigia dadangu usiku.

"Ile makala ni mimi niliandika."

Kimya. Nikasikia maji yakimwagika kwenye beseni.

"Kwa hivyo hakuna hekima ya kale?"

"Hakuna."

"Na ile ya ngozi?"

"Nilitunga."

"Walikulipa ngapi?"

"Mia saba."

"Mia saba," akasema. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Kisha akauliza, "Sasa nitafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekuja na Oregon, nimekuja na ngamia, nimekuja na wanawake 27. Nilikuwa nimemnyang'anya kitu kimoja alichokuwa amekishika, na mkononi mwangu hakukuwa na kingine.

Watu wa huku wakisikia habari hii hutoa maoni haraka. Msusi wangu alisema ni ukanibali na akaongeza kwamba wazungu wamechoka na pesa. Rafiki yangu mmoja mpenda mboga alisema ni nyama pekee duniani ambayo hakuna aliyekufa ili iliwe. Hoja nzuri, na sijapata jibu lake mpaka leo. Mathe alisema shindwe. Mimi nilikuwa nikicheka pamoja nao, lakini usiku ule, nikiisoma tena makala yangu, niliona kitu ambacho sikukiona nilipokuwa nahesabu maneno. Wale wanawake wa kule hurudi nyumbani siku ya pili wakiwa na mtoto na mume ambaye Jumatatu anaenda kazini. Wengi wao hawana mama jirani, hawana binamu wa kutumwa dukani. Halafu kuna mtu anabisha hodi, ana kichupa chenye jina lako, anakuuliza umelalaje. Mimi pia ningenunua. Na dadangu alikuwa na mama, mama mkwe, kanisa, na ploti yenye familia arubaini, na bado mlango wa balkoni ulilindwa na jirani mmoja ambaye hata jina lake la pili hatulijui.

Alijifungua Mei, saa kumi alfajiri, msichana. Nesi wa zamu aliniacha niingie. Nililiona kondo likiwa kwenye trei, kubwa kuliko nilivyodhani, upana wa sahani ya wali, jekundu la kukoza kama ini. Nesi aliligeuza akalikagua kila upande, kwa sababu kipande kikibaki ndani mama anaweza kuvuja damu hadi afe. Upande wa mtoto mishipa imetandaa kutoka kwenye kitovu kama matawi ya mti. Dadangu akaomba aonyeshwe. Akalitazama kwa muda mrefu.

"Mnalibeba?" nesi akauliza. "Wengine hubeba wakazike. Msipobeba linaenda shimoni."

Shimo hilo nililiona baadaye nikitafuta choo: zege, mfuniko wa chuma, kufuli, nyuma ya jengo karibu na mahali pa kuchomea taka. Nairobi hadi Siaya ni safari ya siku nzima na kitu kile hakingoji. Dadangu akasema liende.

Asubuhi Dani akapiga. Alishukuru Mungu, akauliza kilo, akauliza jina. Kisha akauliza biero iko wapi. Nikamwambia.

"Hilo shimo liko kwa boma la nani?"

"La kaunti, Dani."

Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. "Basi," akasema, "huyo ni mtoto wa kaunti." Na akacheka, lakini si sana.

Wiki ya pili dalili zikaanza. Safari hii nilikuwa nimehamia kwao na laptopu yangu na godoro. Tulibandika ratiba nyuma ya mlango: nani analala na mtoto, nani anafua, jirani gani analeta uji. Mama Njoroge wa ghorofa ya chini alileta njahi kwenye sufuria isiyo na mpini na akakaa hadi zikaliwa. Hayo yote hayakutosha, na nayasema kwa sababu kuna watu wanaopenda kuamini kwamba kijiji kinatibu kila kitu. Dadangu aliacha kuongea vilevile. Tofauti ni kwamba siku ya tatu ya kimya nilimpeleka kliniki. Nesi pale alimuuliza maswali kumi kutoka kwenye karatasi. Swali la kumi linauliza kama umewahi kufikiria kujidhuru. Aliangalia ukuta, akaangalia mikono yake, akasema ndiyo. Hakuna aliyesema uvivu. Alipewa dawa, alipewa mshauri wa kuonana naye kila wiki, na ilichukua miezi mitano, mingine mibaya. Oktoba alinigombeza kwa kuacha mswaki wangu kwenye sinki. Niliingia bafuni nikalia.

Makala bado yako kwenye intaneti. Niliandikia anwani ya mteja mara tatu, sijajibiwa. Jamaa wa Juja aliniambia niache drama, kazi ililipwa. Dadangu huniita Faida ya Nane mbele ya wageni, na siwezi kulalamika.

Mwezi uliopita linki ileile ilirudi kwenye kundi lao. Msichana mmoja, mimba ya kwanza, ameiweka na kuuliza kama kuna aliyejaribu. Dadangu akanionyesha simu huku mtoto wa kaunti akimvuta nywele. Alikuwa amejibu kwamba ni uongo, anamjua mwandishi, na hata hakulipwa vizuri. Watu wakaweka vikatuni vya kucheka. Yule msichana hakucheka. Akauliza sasa ni nini husaidia, maana tayari anaogopa.

Dadangu akaanza kuandika, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Kisha akamtumia maneno matatu:

"Wewe unakaa wapi?"