Tengeru: Mji wa Wapolandi chini ya Mlima Meru

Mwambie muuza khanga wa Mtaa wa Uhuru kwamba Tanganyika iliwahi kuwa na mji wa Wapolandi, wenye kanisa, shule, hospitali na mashamba yake. Atacheka, kisha atakuuliza unataka doti ngapi. Lakini mji huo ulikuwepo. Ulikuwa Tengeru, kilomita 13 hivi kabla ya kufika Arusha ukitokea Moshi, na kwa takriban miaka kumi kuanzia 1942 ulikaliwa na watu wapatao 5,000 kutoka Poland, wengi wao akina mama na watoto. Hawakuja kutalii wala kutafuta mashamba. Walikuwa wakimbizi.

Neno hilo, mkimbizi, ndilo lililonipeleka huko. Mtoto wa dada yangu ana miaka kumi, anasoma hapa mjini. Mwaka huu alirudi nyumbani akicheka kwamba darasani wana "mkimbizi", mtoto ambaye wazazi wake walitoka Burundi na sasa wanauza viatu Kariakoo. Mama yake alimkanya, baba yake akamkemea, naye akanyamaza kama watoto wanavyonyamaza wakikemewa: mdomo umefungwa, lakini moyoni hajaelewa kosa lake. Shule zilipofungwa Juni, nikamwomba dada anipe binti nisafiri naye.

Safari yenyewe

Basi liliondoka Stendi ya Magufuli, Mbezi Louis, kabla jua halijachomoza. Mzazi unayefikiria safari hii, jiandae kukaa barabarani kutwa nzima, kwani ni zaidi ya kilomita 600. Kwa mtoto anayetapika garini, mpe chakula chepesi kisicho na mafuta saa moja au mbili kabla ya kuondoka. Mkalishe mbele aweze kuiona barabara, na usimruhusu kuangalia simu. Maji mpe kidogo kidogo, si chupa nzima kwa mkupuo. Ukishapita Segera na Korogwe, milima ya Usambara inakuja upande wako wa kulia, halafu ile ya Upare, na basi likishaiacha Moshi, Kilimanjaro ikiamua kujifunua utaiona bila kushuka garini. Siku yetu haikuamua. Binti alisema imejifunika shuka.

Jambo la pili ni baridi. Mtoto wa Dar es Salaam anaijua baridi ya feni tu. Tengeru iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni asubuhi utaona mvuke ukitoka kinywani. Beba sweta, soksi na suruali ndefu. Kwa mtoto mwenye pumu, dawa yake ya kuvuta isikae kwenye begi la chini ya basi, ikae mkononi mwako.

Tulifika sokoni Jumamosi. Soko la Tengeru huchangamka zaidi Jumatano na Jumamosi, na anayetoka Kariakoo hawezi kupotea humo: kelele ni zilezile, ubishi wa bei ni uleule, ila parachichi ni kubwa kuliko ngumi mbili na ndizi ni za kila aina, za kuchoma, za kupika na za kuiva. Mama mmoja aliyekuwa akipanga karoti alimuuliza binti tunakwenda wapi. Aliposikia makaburi ya Wapolandi, akatuelekeza bila hata kufikiri, kama mtu anayekuelekeza nyumba ya jirani. Yamo ndani ya eneo la chuo cha mifugo. Unapita katikati ya miti mikubwa, majengo ya chuo na ng'ombe wa maziwa, kisha unaona ukuta na geti.

Walitokea wapi

Ndani ya ukuta kuna makaburi karibu 150 ya saruji, yamepangwa kwa mistari, nyasi zimekatwa. Mengi yana msalaba wa Kikatoliki. Machache yana msalaba wa Kiorthodoksi, na ipo pia nyota ya Daudi kwa Myahudi aliyezikwa pamoja na wenzake. Binti alisoma majina kwa sauti, akikwama kila mahali herufi z, c na y zinapokutana. Baadaye akaacha majina akaanza kusoma miaka. Watoto wanajua kutoa hesabu. Hakunieleza alichokipata, lakini alipunguza sauti.

Kisa chao ni hiki. Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Poland kutoka magharibi, na siku ya 17 ya mwezi huohuo Urusi ya Kisovieti ikaivamia kutoka mashariki. Februari 1940, katikati ya baridi kali, askari wa Kisovieti walianza kugonga milango ya nyumba za Wapolandi usiku na kuwapa dakika chache wafungashe. Mamia ya maelfu walisombwa kwa mabehewa ya mizigo hadi Siberia na Kazakhstan, wakafanyishwa kazi msituni na mashambani. Mkate ulitolewa kwa kipimo, na asiyeweza kufanya kazi alipata kidogo zaidi.

Mwaka 1941 Ujerumani ikaishambulia Urusi yenyewe. Sasa Stalin alihitaji washirika, akakubali Wapolandi waachiwe na waunde jeshi chini ya Jenerali Anders. Mwaka 1942 jeshi hilo lilivuka Bahari ya Kaspi kwenda Iran, na nyuma ya askari wakafuata wake, mama na watoto, wengi wakiwa mayatima. Waingereza, waliokuwa wakiitawala sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, wakaamua kuwaleta huku. Zaidi ya 18,000 walisambazwa Afrika ya Mashariki na Kusini: Masindi na Koja kule Uganda, Kenya, Rhodesia, na hapa kwetu Kondoa, Ifunda, Kidugala, Morogoro na Tengeru. Tengeru ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote.

Njaa inavyoua hata baada ya chakula kufika

Kama mwandishi wa habari za afya, hapa ndipo niliposimama muda mrefu. Wakimbizi hawa walipofika Iran walikuwa mifupa mitupu, na waliowapokea kwa huruma waliwapa nyama na supu yenye mafuta. Wengi walikufa baada ya kula. Zaidi ya 2,000 wamezikwa Iran, wengine kwa kuhara, wengine kwa homa ya chawa.

Mzazi, somo hilo bado linatumika katika wodi zetu za watoto. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu umepunguza mwendo wa moyo, figo na utumbo. Ukiujaza chakula ghafla, chumvichumvi za mwilini huvurugika na moyo unaweza kusimama. Ndiyo maana mtoto mwenye utapiamlo mkali akilazwa, haanzi na ugali wala nyama. Anaanza na maziwa maalumu yaitwayo F-75, kidogo kidogo, kila baada ya saa chache, usiku na mchana, mpaka mwili uzinduke. Ndugu akikuletea mtoto aliyedhoofika sana, usimshindilie chakula kwa mapenzi. Mpeleke hospitali.

Waliofika Tengeru walikutana na adui wengine. Kumbukumbu za watu walioishi katika kambi hizi zinataja sana malaria, na zinataja tekenya, yule mdudu anayeingia chini ya ukucha wa mguu. Mama aliyemtoa mwanawe kwenye theluji alijikuta jioni ameinamia vidole vyake kwa sindano, kama bibi yeyote wa kijijini. Na kwinini ilikuwa adimu, kwa kuwa mwaka huohuo wa 1942 Wajapani waliiteka Java, iliyokuwa ikizalisha sehemu kubwa ya kwinini ya dunia. Leo Arusha ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo sana nchini, lakini mtoto akipata homa mkiwa mmerudi Dar es Salaam, mpime kwanza, usikisie.

Mji uliojengwa upya

Nyumba zao zilikuwa vibanda vya duara vya udongo, vimeezekwa kwa nyasi, vimejengwa na vibarua Waafrika. Wapolandi wakazipaka chokaa na kupanda maua mlangoni. Wakafungua shule ya msingi, ya sekondari na za ufundi, wakaanzisha skauti, wakacheza michezo ya kuigiza, wakalima bustani. Akina mama ndio walioendesha karibu kila kitu, kwa sababu waume zao walikuwa vitani au walishakufa. Nilimwonyesha binti picha moja ya zamani: watoto wamesimama mstari mbele ya banda la nyasi, na nyuma yao Meru. Akaniuliza, "Mama mdogo, mbona hawakurudi kwao vita vilipoisha?"

Nikamjibu kwamba kwao hakukuwa kwao tena. Mipaka ilisogezwa, vijiji vingi walikotoka vikawa sehemu ya Urusi ya Kisovieti, na Poland yenyewe ikawa chini ya serikali waliyoiogopa. Wengi walihamia Uingereza, Kanada na Australia. Mwaka 1949 mayatima zaidi ya mia moja kutoka Tengeru walipelekwa Kanada wakiongozwa na padri wao Lucjan Królikowski, huku serikali mpya ya Poland ikilalamika kwamba watoto wake wameibwa. Hebu fikiria ni mtoto gani huyo: kazaliwa Poland, kafiwa na mama njiani, kajifunza kusoma Tengeru, kisha anaambiwa nyumbani kwake sasa ni Kanada. Wachache walibaki hapahapa wakazeeka na kuzikwa kati ya makaburi haya.

Ardhi ya nani

Kuna jambo moja sikutaka binti aondoke bila kulijua. Wenyeji wa Tengeru ni Wameru. Mwishoni mwa 1951, kambi hii ikielekea kufungwa, serikali ileile ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande wa pili wa mlima, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Wameru wakachangishana fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, kulalamika. Hawakurudishiwa ardhi wakati huo, lakini kesi hiyo iliwafundisha Watanganyika wengi namna ya kudai haki.

Kwa hiyo mlima mmoja uliwashuhudia watu wa aina mbili waliofukuzwa makwao. Mmoja alipewa kibanda na shule na mtawala, mwingine alifukuzwa na mtawala huyohuyo. Binti alisikiliza, kisha akasema, "Basi hata Wameru walikuwa wakimbizi kwao." Sikuongeza neno.

Ukirudi, anzia Kariakoo

Si lazima kila mzazi apande basi kwenda Tengeru. Ukiweza, nenda. Ziwa Duluti liko jirani, ni ziwa la kreta lenye msitu pembeni, na watoto watapata pa kutembea baada ya makaburini. Usipoweza, anza na pale unaponunua mchele. Jina Kariakoo limetokana na matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipouchukua mji huu mwaka 1916, eneo hili likawa kambi ya wapagazi hao, Waafrika waliobeba mizigo ya jeshi vichwani. Makumi ya maelfu walikufa katika vita hivyo Afrika Mashariki, wengi zaidi kwa kuhara, malaria na nimonia kuliko kwa risasi. Wengi wao hawana kaburi lenye jina. Kumbukumbu yao ni Sanamu ya Askari pale Mtaa wa Samora, iliyosimamishwa 1927, na jina la soko tunalolitaja kila siku bila kuwakumbuka.

Wataalamu wa malezi wanatuambia mtoto hujifunza huruma kwa kuona mtu mmoja, si kwa kusikia idadi. Basi mpe mtoto mtu mmoja. Mwulize: mtoto wa miaka kumi aliyeshushwa bandarini Afrika Mashariki mwaka 1942, asiyejua Kiswahili wala Kiingereza, amevaa viatu vya kuazima, ungempokeaje darasani kwako? Ungemwita nani? Mwache ajibu mwenyewe. Halafu mwulize kuhusu mwenzake aliyetoka Burundi au Kongo, anayekaa dawati la tatu.

Wiki ya kwanza shule zilipofunguliwa, dada alinipigia simu. Yule mtoto wa wauza viatu alikuwa sebuleni kwao, anafanya hesabu na binti. Kumbe ana jina, na ndilo analoitwa nyumbani kwa dada tangu siku hiyo.