Kitabu Kinachosifiwa na Msomaji Asiyekifurahia

Ndugu mwanachuo, katika mafunzo ya ualimu tunasisitiza sana kwamba mtoto afundishwe kupenda kusoma. Ni nadra kujiuliza mwalimu afanye nini pale yeye mwenyewe anaposhindwa kukifurahia kitabu ambacho wataalamu wamekisifu. Asiyelijibu swali hili aghalabu huingia darasani na moja ya mizigo miwili: unafiki wa kusifu asichokielewa, au dharau ya vitabu.

Kitabu kilichotulazimisha kulifikiri jambo hili ni Nagona, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyochapishwa mwaka 1990. Mwandishi huyu, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, hakuwa mgeni kwetu. Rosa Mistika (1971) na Dunia Uwanja wa Fujo (1975) tulizisoma bila kutaka kulala. Humo mtu ana jina, ana kwao, ana jamaa, na tukio moja huzaa jingine. Katika Nagona nguzo hizo zimeng'olewa. Msimulizi yumo safarini, lakini njia yake haimo katika ramani yoyote. Ndoto, visasili na falsafa vimechanganywa pamoja. Mzingile, iliyofuata mwaka 1991, nayo si nyepesi. Wahakiki wengi wamezihesabu riwaya hizi mbili kuwa mwanzo wa mkondo mpya wa majaribio katika riwaya ya Kiswahili.

Tulikisoma hapa Ifakara wakati wa masika, mbuga za Kilombero zikiwa zimefunikwa na maji. Kitabu chenyewe ni chembamba, hakifiki kurasa mia moja. Walakini kilituchukua majuma matatu. Ukurasa mmoja tuliurudia mara nne. Ugumu tungeweza kuuvumilia. Kilichotuuma zaidi ni aibu. Tuna stashahada ya elimu, tunafundisha Kiswahili, karibu kila neno la ukurasa tunalijua, na bado maana ilituponyoka. Kishawishi kilikuwa kikubwa cha kutamka mbele ya wenzetu kwamba kitabu ni kizuri, kwa kuwa wakubwa wamekwisha kusema hivyo.

Aibu hiyo ndiyo iliyotukumbusha mtoto wa darasa la pili. Katika vijiji vya bonde hili wako watoto watokao katika nyumba zinazozungumza Kindamba, Kipogoro au Kibena. Mtoto wa namna hiyo aweza kuzitamka silabi zote za sentensi barabara, asijue imesema nini. Mwalimu humwambia, "Soma tena." Asomapo tena, wenzake hucheka. Sisi tukichoka hukifunga kitabu, na hapana kinachopungua katika mshahara wetu. Yeye akikifunga kwa kujiona mjinga, huenda asikifungue tena.

Mambo matatu yalitusaidia, na yote yanafaa darasani.

Kwanza, tulisoma kwa sauti pamoja na mkufunzi mwenzetu, kwa zamu. Sentensi zilizokuwa zimekufa machoni zilipata uhai masikioni, kwani nathari hii iko karibu na ngano inayosimuliwa.

Pili, tulibadili swali. Tuliacha kuuliza, "Nini kitafuata?" tukauliza, "Hapa tunaona nini?" Swali la kwanza halikuwa na jibu, la pili lilipata jibu karibu katika kila ukurasa.

Tatu, tulitafuta kitu cha nyumbani. Katika riwaya hii mna paa anayetafutwa, naye hashikiki kwa urahisi. Mwenzetu aliyekulia upande wa Mlimba akamtaja sheshe, swala wa mbuga zetu: humwona pembezoni mwa maji, na kabla hujamwonyesha mwenzako kwa kidole amekwisha kutoweka katika majani. Mfano huo haukutufafanulia falsafa ya kitabu, lakini ulitupa picha ya kushika, nasi tukaweza kuendelea.

Je, sasa tunakifurahia? Kwa sehemu tu. Zipo kurasa tunazozirudia kwa hiari, na zipo nyingi zilizobaki zimefungwa. Hata leo tungeambiwa tuchague kitabu kimoja cha safarini, tungechukua Dunia Uwanja wa Fujo. Hata hivyo tunakiheshimu. Mwandishi aliyekwisha kuthibitisha kwamba anaweza kuandika kwa uwazi, akichagua giza, anastahili kuvumiliwa kidogo kabla ya kuhukumiwa.

Kwa hiyo, utakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, na mtoto akakuambia, "Mwalimu, hadithi hii siipendi," usimkaripie, wala usimpe sifa za kitabu azikariri. Muulize ameishia wapi, neno gani limemkwaza, na ameona picha gani mpaka hapo. Mruhusu asipende, ila akuonyeshe mstari uliomfanya asipende. Mtoto anayeweza kuutaja mstari huo amekwisha kusoma.

Nawe mwenyewe, kila mwaka jitafutie kitabu kimoja kilicho juu ya uwezo wako, ukisome mpaka mwisho. Uchovu utakaoupata humo ndio walio nao wanafunzi wako kila asubuhi wafunguapo kitabu chao cha kusoma.