Nani Utamwona Kwanza?

Wenzangu wanaojiandaa kwa NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani, huuliza kwanza: maswali mangapi? Ni kati ya 85 na 150, kwa muda usiozidi saa 5, na kompyuta huamua ikomee wapi kulingana na unavyojibu. Mimi mpenzi wa vitabu nilivutwa na jambo jingine. Kila aina ya swali ni kama utanzu, ina namna yake ya kusomwa.

Swali la kuchagua jibu moja kati ya manne ni kitendawili: tega, tegua, basi. Lile la "chagua yote yanayofaa" si kitendawili hata kidogo, maana hapo majibu hayashindani. Mgonjwa anatumia digoxin. Yapi utamjulisha daktari? Mapigo ya moyo 48, ndiyo. Kuona vitu vikiwa na rangi ya manjano, ndiyo. Presha 122/78, hapana. Kila sentensi inasimama kizimbani peke yake. Tangu mtindo mpya uanze Aprili 2023, jibu sahihi linakupa alama na lisilo sahihi linakunyang'anya moja. Wa kubofya yote, pole yake.

Halafu kuna visa: mgonjwa mmoja, maswali sita. Huu ni usomaji wa riwaya. Unapewa maandishi ya muuguzi ya saa nne asubuhi, kisha vipimo, kisha saa sita presha imeshuka. Unatambua dalili, unazichambua, unapanga kipaumbele, unatafuta suluhisho, unachukua hatua, unatathmini. Kajambo ulikokapuuza sura ya kwanza kanakusubiri sura ya tano.

Lakini swali ninaloliogopa ni fupi: nani utamwona kwanza? Wagonjwa wanne, wote wanakuhitaji. Mmoja analia kwa maumivu ya mguu uliofanyiwa upasuaji jana. Mwingine ana pumu. Kifua kilichokuwa kikipiga filimbi sasa kiko kimya, naye amechoka. Ni huyo wa kimya. Hewa haipiti tena, ndiyo maana husikii kitu.

Na hapa ndipo lugha yetu inapotutega. Wadini kwetu ukimuuliza mama aliyejifungua, "Unaendeleaje?" atakujibu, "Sijambo, sista, namshukuru Mungu," huku shuka chini yake limelowa damu. Adabu haimruhusu kulalamika. Anayepiga kelele anahudumiwa, mstahimilivu anangoja. Usiku, muuguzi akiwa peke yake na vitanda vimejaa, swali hilo halina vitufe vinne vya kubofya.

Kwa hiyo wanaponiuliza mbinu, nawaambia hivi: kabla hujatazama majibu, jua swali linataka ukumbuke, uchuje, ufuatilie au umchague mtu. Soma pia kilichonyamaziwa. Kwenye NCLEX ukishajibu huwezi kurudi nyuma kusahihisha. Zamu ya usiku nayo ndivyo ilivyo.